Je, niuze shamba la mikarafuu ili mwanangu afunge pampu ya joto la ardhini?

SWALI

Ndugu Mshauri, Assalaam alaykum warahmatullah.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkaazi wa Wete, Pemba. Mwanangu wa kwanza anaishi Leeds, Uingereza, pamoja na mkewe na mtoto wao mchanga. Miaka michache iliyopita walinunua nyumba ya vyumba vitatu, katika zile nyumba za zamani zilizojengwa safu moja huku kuta zikiwa zimeungana. Nyumba hupata joto kutokana na boila ya gesi ya bomba, ambayo huchemsha maji na kuyazungusha katika rejeta zilizofungwa ukutani. Boila hiyo ilifungwa mpya waliponunua nyumba na mpaka leo inafanya kazi bila ya tatizo.

Sasa imemjia kampuni moja ikamshauri aiondoe boila na badala yake achimbe visima viwili, kila kimoja kikizidi mita 100, vitiwe mabomba, kisha ufungwe mtambo wa kuvuta joto kutoka chini ya ardhi. Gharama ni pauni 32,000. Serikali ya huko itatoa pauni 7,500, kwa hiyo zinabaki pauni 24,500. Mwanangu hataki mkopo wa benki kwa sababu ya riba, nami namuunga mkono katika hilo. Anachoniomba ni niuze shamba la mikarafuu nililorithi kwa marehemu baba yangu, nimkopeshe fedha hizo, naye atanilipa kidogo kidogo kwa akiba atakayoipata kwa kuachana na gesi.

Nyumbani tumegawanyika. Ami yake anasema huo ni utapeli mtupu, kwani haiwezekani nchi yenye theluji ikawa na joto ardhini. Mama yake anamwelekea mtoto, kwa sababu mjukuu wetu anakohoa kila msimu wa baridi, na alipoonyeshwa kwa simu chumba cha mtoto aliona ukuta wa nyuma ya kabati umeota koga nyeusi. Nimetumiwa na picha za uwani: ni kiuga kidogo cha sakafu ya mawe, na njia ya kuingilia ni kichochoro ambacho mtu hupita akisukuma baiskeli.

Naomba unieleze kama jambo hili ni la kweli, kama lina faida inayolingana na gharama yake, na kama lingefaa hapa kwetu pia, maana binti yangu anajenga nyumba ya wageni Jambiani na keshaanza kuuliza.

Mwalimu mstaafu, Wete

JIBU

Maalim, wa alaykumu s-salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Nianze na lile linalokukosesha usingizi: usiuze shamba kwa ajili ya mtambo huu. Sisemi hivyo kwa kuwa mtambo ni wa uongo, kwani ni wa kweli na ni miongoni mwa njia bora kabisa za kupasha nyumba joto. Nasema hivyo kwa sababu nyumba uliyonieleza ina gesi ya bomba, ina boila nzima na ina ua mdogo, na kwa nyumba ya namna hiyo akiba ambayo mwanao ameiahidi kuwa ndiyo itakayokulipa haitapatikana.

Mimi kazi yangu imekuwa ya majokofu na viyoyozi, na mtambo huu ni wa ukoo huohuo, kwa hiyo niruhusu nimjibu kwanza ami yake. Ukichimba chini kiasi cha mita kumi katika ardhi ya Uingereza, utakuta joto la nyuzi 10 hadi 12 za Selsiasi, na joto hilo halibadiliki sana iwe ni Januari au ni Julai, hata kama juu kuna theluji. Nyuzi 10 ni baridi kwa mwili wa binadamu, lakini ni joto la kutosha kwa gesi ya jokofu, ambayo huchemka hata ikiwa chini ya sifuri. Friji lililoko jikoni kwako hufanya kazi hiyo kila siku, kwani huchota joto ndani ya kabati lake na kulitupa nyuma, na ndiyo maana mgongo wake huwa wa moto. Pampu ya joto la ardhini nayo huzungusha maji yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kuganda ndani ya mabomba yaliyofukiwa. Maji hayo hurudi na joto kidogo, gesi ya jokofu hulichukua, kompresa huigandamiza gesi hiyo mpaka joto lake likafika nyuzi 35 hadi 50, kisha joto hilo huingizwa katika maji yanayozunguka nyumbani. Kwa kila uniti moja ya umeme inayoliwa na mtambo, nyumba hupata uniti tatu mpaka nne za joto, kwa sababu sehemu kubwa ya joto hilo haikutengenezwa na umeme bali ilikuwamo ardhini.

Wala fikra hii si ya jana. Mwanasayansi aliyekuja kujulikana kwa jina la Lord Kelvin aliieleza kanuni yake mwaka 1852, na mwaka 1912 Heinrich Zoelly wa Uswisi alisajili hati ya ugunduzi wa mtambo wa kuchota joto ardhini. Sweden, ambako baridi ni kali kuliko Leeds, mitambo ya namna hii imefungwa katika nyumba zaidi ya nusu milioni. Kwa hiyo ami yake asimwite kijana mjinga. Ameshauriwa kitu cha kweli, ila kimepelekwa kwenye nyumba isiyokihitaji.

Mfano wa Sweden unatufaa kwa jambo jingine pia. Nchi ile haikuwa na mtandao mkubwa wa gesi majumbani. Mafuta yalipopanda bei katika miaka ya 1970 watu walibakiwa na umeme na kuni, na tangu mwaka 1991 serikali imekuwa ikitoza kodi ya kaboni iliyozidi kuyafanya mafuta kuwa ghali. Mswidi aliyechimba kisima alikuwa anakimbia kitu cha bei kubwa. Uingereza mambo yalikwenda kinyume: gesi ya Bahari ya Kaskazini ilipopatikana, kati ya mwaka 1967 na 1977 nchi nzima ilibadilishiwa majiko na boila zake ili itumie gesi hiyo, na mpaka leo gesi ya bomba ni rahisi mno ukiilinganisha na umeme. Kila hesabu ya pampu hizi nchini Uingereza inasimama juu ya tofauti hiyo.

Sasa tuifanye hesabu yenyewe, nami nitakuomba uipitie kwa kalamu kama ulivyokuwa ukipitia madaftari ya skuli. Ofgem, chombo kinachosimamia bei za nishati huko, kilikadiria mwaka 2023 kwamba nyumba ya kawaida hutumia uniti (kilowati-saa) 11,500 za gesi kwa mwaka. Kwa bei za miaka ya karibuni uniti ya gesi imekuwa takriban peni 6 na ya umeme takriban peni 26, yaani zaidi ya mara nne. Gesi ya mwaka mzima basi ni kama pauni 690. Boila nzuri hupoteza sehemu ya joto kupitia bomba la moshi, kwa hiyo tuseme joto linaloifikia nyumba ni uniti 10,100. Ili pampu ya ardhini itoe joto hilohilo, tukichukulia kwamba inazidisha umeme mara tatu na nusu, itakula uniti 2,890 za umeme, ambazo ni pauni 750. Kwa hiyo bili ya pampu imeizidi bili ya gesi kwa pauni 60. Iwapo mwanao ataiondoa gesi kabisa, hata ya kupikia, atasamehewa ada ya kila siku ya kuunganishwa, ambayo ni kiasi cha pauni 110 kwa mwaka, na hapo atabakiwa na faida ya pauni 50 hivi.

Pauni 50 kwa mwaka, Maalim, kwa mtaji wa pauni 24,500. Hata umri wake ukiwa mrefu na wako ukiwa mrefu zaidi, deni hilo haliwezi kulipika kwa akiba hiyo, na huku mtambo wenyewe, ukiyaacha mabomba ya ardhini ambayo hukaa miaka 50 na zaidi, huhitaji kubadilishwa baada ya miaka 20 hadi 25. Zipo kampuni za umeme zinazowauzia wenye pampu kwa bei nafuu katika saa fulani za siku, na mtu mwangalifu anaweza kuongeza akiba yake kwa njia hiyo, lakini hata akiizidisha mara nne bado hajafika pale alipokuahidi kufika.

Ibadilishe nyumba tu, na hesabu nayo inageuka. Lau nyumba hiyo ingekuwa inapashwa joto kwa hita za umeme wa kawaida, uniti zilezile 10,100 zingemgharimu zaidi ya pauni 2,600 kwa mwaka, na pampu ingemwokolea karibu pauni 1,900. Hapo gharama yote ingerudi kwa takriban miaka 13, nami ningekuandikia barua nyingine kabisa. Hali huwa ya kuvutia pia kwa wanaoishi vijijini ambako bomba la gesi halikufika na wanachoma mafuta kutoka tangi la uwani, hasa wakiwa na kiwanja kikubwa, kwani mwenye kiwanja hahitaji kuchimba kisima. Huchimba mitaro ya kina cha mita moja na kitu, akalaza mabomba ya mamia ya mita, na gharama ikapungua. Nyumba inayojengwa upya ndiyo inayofaa zaidi ya zote, kwa maana mashine za kuchimba tayari ziko hapo, na mabomba ya joto huweza kulazwa chini ya sakafu. Na wapo wanaochimba kwa ushirika: katika kijiji cha Stithians, jimbo la Cornwall, visima vilichimbwa barabarani na nyumba zikaunganishwa navyo, kila nyumba ikiwa na pampu yake ndogo. Kwa mitaa yenye nyumba zilizoungana kama wa mwanao, naamini hiyo ndiyo njia ya haki, kwa sababu kisima ndicho kinachokula fedha na mtu mmoja hapaswi kukibeba peke yake.

Turudi kwenye kiuga chake. Picha ulizotumiwa zinasema jambo ambalo huenda muuzaji hakulisema. Mashine ya kuchimbia mita 100 ni gari zito, na hata zile ndogo zinazotembea kwa minyororo haziwezi kupita pale ambapo baiskeli hupita kwa kusukumwa. Aulize kwa maandishi mashine itaingilia wapi, tope na maji yatakayotoka shimoni yatapelekwa wapi, na nani atakayetengeneza ukuta wa jirani ukipata ufa. Sehemu kubwa ya West Yorkshire, mkoa ulimo mji wa Leeds, imekaa juu ya makaa ya mawe yaliyochimbwa kwa karne nyingi, na anayetaka kutoboa tabaka hizo lazima apate kibali cha mamlaka inayoshughulikia migodi ya zamani. Kuna na hatari ya kisima kuchimbwa kifupi ili kupunguza gharama: joto likichotwa kwa wingi kuliko linavyorejea, ardhi inayozunguka mabomba huzidi kupoa mwaka hadi mwaka, mtambo unakula umeme zaidi, na kasoro hiyo haionekani mpaka fundi keshalipwa na kuondoka.

Tena pampu hizi hupenda maji ya vuguvugu, si ya moto sana. Rejeta zilizofungwa kwa ajili ya boila ya gesi mara nyingi ni ndogo, kwa hiyo huenda kadhaa zikahitaji kubadilishwa ziwe kubwa zaidi. Kama hilo halimo katika zile pauni 32,000, basi bei aliyopewa bado haijatimia.

Nije sasa kwa mjukuu, kwa sababu nadhani yeye ndiye aliyeutikisa moyo wa mama yake, na ana haki ya kutikisika. Koga nyuma ya kabati ni jambo la kushughulikiwa wiki hii, wala si la kungoja visima. Nyumba za zamani za Uingereza aghalabu zina kuta za tofali tupu zisizo na nafasi katikati, na ukuta wa nje huwa baridi kama jiwe la kisimani. Watu ndani wanapumua, wanapika, wanaoga na kuanika nguo za mtoto ndani kwa kuwa nje haziwezi kukauka, mvuke wote huo unatafuta mahali penye baridi kupita pote ugeuke maji, na hapo ni nyuma ya kabati lililogandishwa ukutani, mahali ambapo hewa haipiti. Pampu ya pauni 32,000 ikiletwa katika chumba hicho bila ya kugusa ukuta wala hewa, koga itaota palepale.

Kabati lisogezwe mbali na ukuta kwa upana wa kiganja au zaidi, au lihamishiwe ukuta wa ndani. Koga isafishwe kwa dawa yake, mtoto akiwa chumba kingine, na kitanda chake kisirudishwe hapo mpaka ukuta umekauka. Jikoni na chooni mfungwe feni za kutoa hewa nje na zitumike kila siku, nguo zianikwe katika chumba kimoja kilichofungwa mlango na kufunguliwa dirisha, na rejeta ya chumba cha mtoto isizimwe kwa kubana matumizi. Baada ya hapo aangalie dari: pamba ya kuzuia joto lisipotee inatakiwa iwe na unene wa sentimita 27, na katika nyumba nyingi za zamani imelazwa nyembamba au imeshikana. Aangalie pia nyufa za milango na madirisha. Kazi ya ukuta wa chumba kile, kuuvika kihami joto kwa ndani, ifanywe na fundi anayeelewa unyevu, kwa sababu ikifanywa ovyo maji hujificha nyuma ya kihami. Yote hayo kwa pamoja ni sehemu ndogo ya bei ya kisima, na kila uniti isiyopotea ni uniti ambayo hailipiwi, awe anatumia gesi leo au pampu kesho. Na kikohozi cha mtoto mchanga kipelekwe kwa daktari mapema, naye aambiwe waziwazi kwamba chumbani kuna koga.

Mwanao akikwambia kwamba hasukumwi na fedha bali na hali ya hewa ya dunia, msikilize kwa heshima, kwani anasema kweli. Uingereza ilifunga kituo chake cha mwisho cha umeme wa makaa ya mawe tarehe 30 Septemba 2024, na sehemu kubwa ya umeme wake sasa hutokana na upepo, kwa hiyo kila boila ya gesi inayoondoka hupunguza moshi. Sisi tunaoona maji ya chumvi yakipanda katika mabonde ya mpunga hapa Pemba hatuwezi kumwambia kijana kwamba jambo hilo halituhusu. Lakini lengo hilo anaweza kulifikia kwa gharama ndogo zaidi. Ipo pampu ya joto la hewa, ambayo huchota joto katika hewa ya nje kwa mtambo unaofanana na kile kisanduku cha nje cha kiyoyozi. Haihitaji kisima. Kwa kawaida bei yake ni kama pauni 12,000 au 13,000, na ruzuku ya serikali kwa England na Wales ni pauni 7,500 zilezile anazopewa mwenye kisima, hivyo anaweza kubakiwa na kiasi cha pauni 5,000 za kulipa. Huzidisha umeme kwa kiasi cha mara tatu hivi, kidogo chini ya pampu ya ardhini, na kwa hiyo bili yake itaizidi ya gesi kwa kiasi fulani. Hiyo ni gharama ambayo mtu anaweza kuichagua kwa macho yaliyo wazi, siku boila yake itakapochoka. Kuing'oa boila nzima leo hakuna haja. Akiziba mianya na kulaza pamba darini sasa, pampu atakayoinunua baadaye itatosha ikiwa ndogo.

Shamba nalo lina hesabu yake, Maalim, ingawa unaijua kuliko mimi. Mkarafuu hauzai kabla ya miaka sita au saba, na ukishakomaa humlisha mwenyewe kwa miongo. Ni kweli kwamba msimu mkubwa hauji kila mwaka, lakini huja, na hakuna mwaka ambao bili ya gesi ya Leeds itaizaa karafuu. Umeombwa ubadilishe kitu chenye kipato kwa kitu kisicho na kipato, kwa ahadi ya kulipwa kutokana na akiba ambayo nimekuonyesha kuwa haipo. Tena hata kama kijana anaona kwamba shamba lingekuja kuwa lake, wewe u hai, na wapo wenzake watakaorithi pamoja naye, akiwamo dada yake wa Jambiani. Ukitaka kumsaidia kwa mkono wako, mtumie kiasi unachokimudu kwa ajili ya chumba cha mtoto, na umwambie mama yake ndiye aliyekitoa.

Kuhusu Jambiani nitasema kwa ufupi, kwa sababu jibu lenyewe ni fupi. Ardhi ya kwetu chini ya mita kadhaa ina joto la takriban nyuzi 26 au 27, na hatuna nyumba ya kupasha joto. Mtambo unaweza kugeuzwa ukapoza, ukitupa joto la nyumba ardhini, ila tofauti kati ya ardhi hiyo na hewa ya nje ni ndogo, na gharama ya kuchimba haitarudi. Binti ajenge kwa kuufuata upepo wa kusi na wa kaskazi, aweke baraza zenye vivuli upande unaopigwa na jua la alasiri, kuta za nje azipake chokaa nyeupe, na maji ya moto ya wageni ayapate kwa mtambo wa jua juu ya paa, ambao katika visiwa vyetu unafanya kazi takriban mwaka mzima.

Kwa mwanao, mwandikie upesi, na swali la kwanza liwe kama ameshatia saini mkataba au kulipa amana. Sheria ya Uingereza humpa mnunuzi siku 14 za kuvunja mkataba alioufunga nyumbani kwake na muuzaji aliyemjia, na mara nyingi hilo hutosha kurudishiwa fedha iwapo kazi haijaanza. Kama hajatia saini, awaombe wampe kwa maandishi kiasi cha joto ambacho nyumba yake inahitaji chumba kwa chumba, urefu wa visima uliotokana na kipimo hicho, na uniti za umeme wanazotarajia kwa mwaka, kisha azilinganishe na bili zake mwenyewe za gesi za mwaka uliopita. Ahakikishe pia kwamba kampuni imesajiliwa chini ya mpango uitwao MCS, unaothibitisha wafungaji wa mitambo ya namna hii, kwa sababu bila ya usajili huo ile ruzuku ya pauni 7,500 haitolewi, na ruzuku yenyewe huombwa na mfungaji na kupunguzwa katika bei. Akitaka, anitumie karatasi hizo kupitia kwako, nami nitazisoma.